Madhara Huondoshwa, Mzee Haondoshwi: Nasaha juu ya Haki ya Wazazi Wazee katika Ua wa Nyumba

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukurani zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyempa mwanaadamu utoto, ujana na uzee, na katika kila umri akaweka haki zake na ibada zake. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekuwa na huruma kwa wadogo na heshima kwa wakubwa, na ziwafikie aali zake na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, mnaokaa katika mji wa London pamoja na wazazi wenu, au mnaoletewa wazazi wenu kutoka Maskati, Nizwa, Dubai au Unguja kwa matibabu na matembezi: nasaha hii inahusu jambo ambalo watu wengi hulidhania kuwa ni la fundi na seremala tu, nalo ni ua wa nyumba. Nakusudia kizingiti cha mlango, vipandio vya mbele, bustani ya nyuma, njia ya kupita, na roshani kwa mwenye kukaa ghorofani. Hakika mahali hapa pana hukumu za sharia, na mzee ana haki zake hapo, na mtoto ataulizwa juu yake.

Kila mmoja wetu anajua kwamba Mwenyezi Mungu, katika Suratul Israai, aya ya 23 na ya 24, ameunganisha amri ya kumuabudu Yeye peke yake na amri ya kuwafanyia wema wazazi wawili. Akataja hasa hali ya mmoja wao au wote wawili kufikia uzee nao wako kwetu. Zingatieni neno hilo: wako kwetu. Mzee aliye nyumbani kwako ndiye mwenye kudhihirisha wema wako au upungufu wako, kwa kuwa haja zake unaziona kila siku. Na aya hiyo imekataza hata sauti ndogo ya kuchoshwa naye. Ikiwa sauti ya mdomo imekatazwa, basi vipi kuhusu mlango unaofungwa mbele ya uso wake?

Watu katika jambo hili wamekuwa makundi mawili, na yote mawili yamekosea.

Kundi la kwanza ni la wenye kupuuza. Jiwe la njia limelegea, kipandio kimevunjika ukingo, taa ya nyuma imeungua tangu mwaka jana, nao wanapita hapo kila siku kwa miguu yao ya ujana wala hawaoni kitu. Mzee akianguka husema: Ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Naam, kila jambo ni kwa kadari yake. Lakini Mtume (S.A.W.) alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo ategemee. Kuacha sababu kisha kutaja kadari si kutawakali, bali ni uvivu uliovishwa nguo ya dini.

Kundi la pili ni la wenye kuogopa kupita kiasi. Mzee ameteleza mara moja, au jirani amewasimulia habari ya mzee aliyevunjika nyonga, basi wao wakaamua kuwa dawa ni mzee asitoke tena. Akae chumbani, karibu na joto, mbele ya televisheni, na mlango wa nyuma ufungwe. Hili ndilo kosa lililoenea zaidi kwa wenye kuwapenda wazazi wao, na kwa hiyo ndilo linalohitaji maelezo zaidi, maana mtu hatubii jambo analolihesabu kuwa ni wema.

Katika kanuni kubwa za fiqhi, ambazo wanavyuoni wa madhehebu zote wamekubaliana nazo, iko ile isemayo kuwa madhara huondoshwa. Na chini yake iko kanuni nyingine: madhara hayaondoshwi kwa kuleta madhara mfano wake. Basi tazama, ewe ndugu yangu: kitu kinachoamriwa kuondoshwa ni madhara. Jiwe lililolegea liondoshwe, utelezi uondoshwe, giza liondoshwe. Aliyemuacha jiwe mahali pake akamuondosha mzazi wake, ameigeuza kanuni kichwa chini. Na tena ameleta madhara mengine: miguu inayokaa bila kutembea hudhoofika, na mwenye miguu dhaifu huanguka hata ndani ya chumba chake chenye zulia.

Mkitaka ushahidi wa njia hii katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.), tazameni mambo matatu.

La kwanza: katika nchi za joto watu walikuwa wakilala juu ya madari ya nyumba, na babu zetu wa Oman na Ghuba wameliishi jambo hili kabla ya kuja umeme. Imepokewa katika hadithi onyo kali juu ya mwenye kulala juu ya dari isiyokuwa na kizuizi pembezoni mwake. Hakukataza watu kulala nje kwenye upepo. Alichokikataza ni ile dari isiyozungushiwa kitu. Raha ilibaki, na hatari ikawekewa ukuta.

La pili: alipolalamikiwa kwamba imamu anarefusha sala mpaka watu wanataabika, hakuwaambia wazee na wagonjwa wasali majumbani mwao. Alimuamuru imamu akhafifishe, kwa kuwa nyuma yake wamo dhaifu, mgonjwa na mwenye umri mkubwa. Aliyebadilisha mwendo wake ni mwenye nguvu, ili dhaifu asikose nafasi.

La tatu: sahaba Abdullah bin Ummi Maktum alikuwa kipofu, na juu ya hivyo alitembea katika njia za Madina, na akawa miongoni mwa waadhini wa Mtume. Na katika watu wetu, Imamu Nuruddin Abdullah bin Humaid as-Salimi, aliyefariki mwaka 1914, alipoteza macho yake angali mtoto, na hakufungiwa ndani. Walikuwapo wa kumshika mkono, na leo hakuna mwanafunzi wa elimu Oman asiyekula matunda ya vitabu vyake.

Sasa nitaleta suala moja pamoja na jawabu lake, kwa sababu ndilo kiini cha nasaha hii.

Suala: Mtu anakaa London na mama yake aliyepindukia miaka 80, mwenye akili timamu. Mtu huyo na mkewe huondoka asubuhi kwenda kazini na hurudi jioni. Mama aliwahi kuteleza uani, akasalimika. Tangu siku hiyo mwanawe hufunga milango yote miwili akaondoka na funguo, kwa kumhurumia. Mama husema: Mwanangu amenifunga. Je, mwana ana dhambi? Na mama ana haki ya kudai afunguliwe?

Jawabu: Nia ya mwana ni njema, lakini nia njema haigeuzi dhulma kuwa uadilifu. Kumzuilia mtu uhuru wa nafsi yake au mali yake kuna sababu zinazojulikana katika vitabu vya fiqhi, kama vile utoto, wazimu na usafihi. Uzee peke yake haumo katika sababu hizo. Mama huyu ni mtu mzima, ana amri juu ya nafsi yake, na mwanawe hana mamlaka ya kumtia kizuizini. Zaidi ya hayo, nyumba iliyofungwa na funguo ziko mbali ni hatari kubwa kuliko uani. Ukizuka moto, mama atatokea wapi? Na Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu. Vipi kuhusu kumtia mzazi?

Basi wajibu wa mwana ni mambo mawili: afungue mlango, na autengeneze ua. Akifanya la kwanza bila ya la pili, amepuuza. Akidai atafanya la pili siku fulani, na huku la kwanza limefungwa mwaka mzima, amedhulumu. Na kumuudhi mzazi ni katika madhambi makubwa. Mwenye kuyashikilia madhambi makubwa bila ya toba, wanavyuoni wetu wamemwita kafiri wa neema, si ukafiri wa shirki, bali ni wa kukanusha neema kwa vitendo. Na neema gani kubwa kwa mtu, baada ya imani, kuliko mama aliye hai?

Ama mzee aliyepotewa na akili, asiyejua njia ya kurudi, huyo hukumu yake ni nyingine. Haachwi peke yake kabisa, wala ndani wala nje. Lango la kutokea barabarani hufungwa, na mlango wa kwenda uani huachwa wazi naye akiwa na mwangalizi, ili atembee na aone mbingu. Huyu naye hafungiwi peke yake katika nyumba.

Tukishaijua hukumu, na tuingie katika utendaji, maana elimu isiyofuatwa na kitendo ni hoja juu ya mwenyewe. Idara ya afya ya Uingereza inaeleza kuwa takriban theluthi moja ya watu waliopita miaka 65, na nusu ya waliopita miaka 80, huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Na London ina mambo ambayo mzee aliyetoka Maskati hakuyazoea: majani yaliyolowa mwezi wa Oktoba na Novemba, barafu nyembamba isiyoonekana juu ya mawe, na giza la mapema, kwani katika Desemba jua huchwa kabla ya saa 10 za jioni. Basi yazingatieni haya:

Kwanza, tembeeni njia yote anayopita mzee, kutoka kitini pake mpaka mwisho wa bustani, kwa mwendo wake yeye, naye akiwepo. Muulizeni anapoogopa ni wapi. Yeye anaijua njia hiyo kuliko fundi.

Pili, vipandio viwe na kimo sawa, na ukingo wa kila kimoja upakwe rangi inayoonekana. Pawekwe chuma imara cha kushikia, kwa kimo cha sentimita 90 hadi 100, na pande zote mbili ni bora zaidi, kwani mwenye kupanda kwa mkono wa kulia hushuka kwa wa kushoto. Kwa mwenye kiti cha magurudumu panahitajika mteremko. Kadiri ya kawaida ni kila sentimita 1 ya kwenda juu iwe na sentimita 12 za urefu. Basi kipandio cha sentimita 15 kinataka mteremko wa karibu mita 1.8.

Tatu, mawe ya njia yawe sawasawa, na ile kuvu ya kijani inayoota kwenye kivuli isuguliwe. Majani yafagiwe. Usiku wa baridi kali mwagieni chumvi kabla ya barafu kushika, wala msimwage maji ya moto, maana huganda tena yakawa mabaya zaidi kuliko mwanzo. Asubuhi ya barafu mzee angoje mpaka iyeyuke. Kungoja saa chache si kufungwa.

Nne, iwekwe taa inayowaka yenyewe mtu anapopita. Baiskeli za watoto, mipira yao na bomba la kumwagilia visiachwe njiani. Wafundisheni watoto kuwa Mtume (S.A.W.) amelihesabu jambo la kuondosha udhia njiani kuwa ni tawi katika matawi ya imani, na ametupa habari ya mtu aliyesamehewa kwa sababu ya mti wa miba aliouondosha katika njia ya watu. Ikiwa hiyo ni njia ya wapita njia wasiojulikana, basi njia ya bibi yako ina ujira gani?

Tano, makubadhi na ndara si viatu vya mawe yaliyolowa. Mzee avae kiatu chenye kisigino cha nyuma na soli ya mpira inayoshika. Na kanzu isivuke kifundo cha mguu. Hiyo ni hukumu inayojulikana katika madhehebu yetu, na hapa mnaiona faida yake kwa macho. Buibui nalo lisiburure kwenye vipandio.

Sita, mwenye kukaa ghorofani na roshani yake, kiti cha mzee kiwe mbali na ukingo, kizingiti kisimkwaze, na vyungu vya maua visizibe njia. Mwenye kupanga amuombe mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi kabla ya kutoboa ukuta, kwani mali ya mtu haiguswi ila kwa ridhaa yake.

Na endapo mzee ataanguka, msimvute juu kwa haraka. Mtulizeni, mfunikeni asipate baridi, na mtazame. Akiwa amepiga kichwa, au hawezi kusimama, au anaumwa na nyonga, piga simu namba 999.

Ndugu zangu, usalama peke yake haumtoi mzee ndani. Ua ukiwa salama lakini hauna raha, utakuwa kama msikiti uliofagiwa usio na wa kusali. Wazee wetu wamelelewa katika baraza. Katika Mji Mkongwe wa Unguja baraza ya mawe imejengwa pamoja na nyumba, na huko Oman kuna sabla ya watu kukutania. Hapo mzee hutoa salamu na hujibiwa, huulizwa habari za nasaba na za zamani, na huheshimiwa. Mzee asiyejibiwa salamu na mtu tangu asubuhi mpaka jioni hupungua, hata kama chakula chake ni kizuri.

Na wengi katika wazee wetu walizeekea ugenini baada ya mwaka 1964. Hata Sayyid Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliishi Portsmouth tangu mwaka huo mpaka alipohamia Oman mwaka 2020, na akafariki Maskati mwezi wa Desemba 2024, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mgeni katika nchi ana haja ya sehemu ndogo inayofanana na kwao. Basi mtengenezeeni mzee wenu baraza yake. Kiti kiwe imara, chenye mikono ya kujiinulia na kimo cha kutosha, mahali penye jua na pasipo upepo, na cha pili kando yake kwa anayekuja kumzungumza. Yawepo maua katika kitanda cha mbao kilichoinuliwa kiasi cha sentimita 60 hadi 75, ili asiiname. Mnanaa unaota vizuri London, na rehani huota katika chungu wakati wa joto. Kwa pua ya bibi aliyetoka Unguja, harufu hiyo ni dawa. Na Mtume (S.A.W.) ametubashiria kuwa Muislamu anapopanda mmea, kisha akala humo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Mzee asiyeweza tena kufunga wala kusafiri kwenda Umra, msimnyime mlango huu wa thawabu.

Wanawake wana haja ya sitara. Uzio wa bustani ya nyuma usiozidi mita 2 kwa kawaida hauhitaji kibali katika Uingereza. Jengeni kwa kusikilizana na jirani, msimzibie haki yake. Sitara hii ina faida ya afya pia, kwani mwili hutengeneza vitamini D kwa jua linaloifikia ngozi yenyewe, wala si kwa jua linalopita kwenye kioo cha dirisha. Na tangu Oktoba mpaka mwanzo wa Machi jua la nchi hii halitoshi kwa kazi hiyo. Serikali inashauri mikrogramu 10 kwa siku katika miezi ya baridi, na wenye ngozi nyeusi au wanaojifunika wafikirie kuitumia mwaka mzima. Basi mama zetu wanaostiriwa wawe na mahali pao pa kukaa juani kwa stara, na wamuulize daktari wao.

Ama gharama, matumizi ya mzazi muhitaji ni juu ya watoto wake kwa kadiri ya uwezo, na maskani ni sehemu ya matumizi hayo. Aliyeko Maskati au Dubai asimuachie ndugu yake wa London mzigo wote kwa sababu mama yuko kwake. Aidha, mkazi wa London anaweza kuiomba halmashauri ya mtaa wake imtume mtaalamu wa kuchunguza mahitaji ya mzee nyumbani. Katika Uingereza, marekebisho madogo yanayoonekana kuwa ni ya lazima, yasiyozidi pauni 1,000, hufanywa bila ya malipo. Na kwa makubwa iko ruzuku ya walemavu inayofika pauni 30,000, ambayo inahusu hata njia ya kuingilia bustanini, baada ya kuangaliwa mapato. Lakini viza nyingine zina sharti la kutotumia fedha za umma. Mwenye viza ya namna hiyo amuulize mwanasheria kwanza. Na msiseme uwongo katika fomu. Mali ya umma ni amana, iwe ni ya Waislamu au ya wasiokuwa Waislamu, na wema kwa mzazi haujengwi juu ya hiyana.

Nanyi wazee wenzangu, nina neno kwenu. Msione aibu kushika mkongojo. Nabii Musa (A.S.) alipoulizwa juu ya kilichomo mkononi mwake, jambo la kwanza alilolitaja baada ya kukiita fimbo yake ni kwamba huiegemea. Mtoto akikuomba umngoje akushike mkono, mngoje, maana unampa mlango wa Pepo. Na ukiona anaogopa kwa ajili yako, mwambie kwa upole: Mwanangu, nitengenezee njia, usinifungie njia.

Basi mcheni Mwenyezi Mungu, enyi waja wake. Ambaye amefunga, na afungue leo. Ambaye ameahirisha, na anunue chuma cha kushikia kabla ya Ijumaa ijayo. Mlango wa toba uko wazi maadamu roho haijafika kooni, lakini mlango wa kumridhisha mzazi hufungwa siku anayozikwa, na baada ya hapo hubaki dua na sadaka tu.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu walio hai na waliotangulia. Tupe subira katika kuwatumikia, na uwajaalie watoto wetu watufanyie sisi yale tuliyowafanyia wao. Uithibitishe miguu yao duniani, na uithibitishe miguu yetu sote siku ambayo miguu itateleza. Amin.

Wa sallallahu ala Sayyidina Muhammad wa ala aalihi wa sahbihi wa sallam.